Dakika Kumi na Moja, Miaka Arobaini

Mwanzoni mwa Januari 1869, katika nchi ya Marungu, kusini mwa mahali ulipo leo mji wa Kalemie, David Livingstone alipoteza hesabu ya siku. Alikuwa akisafiri na msafara wa Mohamed bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe. Mvua ilikuwa imemlowesha mara nyingi hadi mwili ukashindwa. Nimonia ikamshika pafu la kulia, naye hakuweza tena kutembea. Mtu huyu alikuwa na desturi ya kupima jua na nyota na kuandika mvua ya kila siku, lakini safari hii aliandika kwamba hajui tena siku ya juma wala tarehe ya mwezi. Akitazama gome la mti aliona limejaa sura za watu. Alijiona amelala maiti njiani, hajafika Ujiji, na barua alizokuwa akizitarajia huko hazina tena wa kuzisoma.

Mohamed bin Gharib hakumwacha. Alimtibu kwa dawa alizokuwa nazo, akaamuru abebwe juu ya kitanda cha miti, takriban saa nne kila siku. Tarehe 14 Februari wakafika ziwani, karibu na mdomo wa mto Lufuko. Walingoja mitumbwi hadi mwisho wa mwezi, kisha wakavuka, na Livingstone akafika Ujiji katikati ya Machi. Wabebaji waliomchukua mabegani kupanda na kushuka vilima vya Marungu hawakuandikwa majina.

Aliyewahi kulala na malaria ya maana anajua saa za homa zilivyo. Unatazama mwanga mlangoni, unasinzia, unaamka ukidhani jioni imeingia, kumbe mwanga haujasogea hata shubiri moja. Mwaka 1933 mwanasayansi Mmarekani Hudson Hoagland aliandika juu ya jambo hilo baada ya kumuuguza mkewe aliyeshikwa na mafua makali. Mkewe alimlalamikia kuwa ametoka chumbani muda mrefu, naye alitoka kidogo tu. Hoagland akamwomba ahesabu moyoni sekunde 60, tena na tena, kadiri joto la mwili lilivyopanda na kushuka. Homa ilipopanda, alizimaliza mapema zaidi. Ndani ya mwili saa ilikimbia, kwa hiyo saa ya ukutani ikaonekana inajikokota.

Lakini daftari la Livingstone lina jambo la ajabu zaidi. Siku zile, ambazo bila shaka zilikuwa ndefu kuliko nyingi za maisha yake, zimechukua mistari michache. Majuma ya kubebwa kitandani yamepita kwa aya kadhaa, wakati siku moja ya soko huko Manyema mwaka 1871 ina kurasa. Mwanasaikolojia William James, katika kitabu chake cha mwaka 1890 kuhusu kanuni za saikolojia, alieleza kwamba muda tunaupima kwa mizani miwili inayopingana. Muda uliojaa mambo mapya hupita upesi tukiwa ndani yake, lakini tukiukumbuka huonekana mrefu. Muda mtupu huchosha unapopita, na baadaye kumbukumbu huukunja ukabaki kipande kidogo. Unapoishi, macho yako kwenye saa ndiyo yanayoirefusha siku. Unapokumbuka, siku hurefuka kwa wingi wa mambo mageni yaliyoshika kichwani.

Mimi naona historia ya upande huu wa Ziwa Tanganyika imeandikwa kwa mzani wa pili peke yake, tena mara nyingi na wageni, watu ambao kila kitu kwao kilikuwa kipya. Matokeo yake ni kwamba dakika zimepewa vitabu na miongo imepewa sentensi.

Kabla ya daftari za Wazungu kufika, pwani hii ilikuwa na namna yake ya kuupa muda alama. Watabwa, wenyeji wa Marungu na ufuko wa kusini, walichonga safu za pembetatu kwenye vinyago, viti na mikeka. Nakshi hiyo wanaiita balamwezi, nayo ni kuchomoza kwa mwezi mpya. Usiku wa giza kabla ya mwezi kuonekana ulikuwa wa hofu, na mwezi ulipoandama watu walipata nafuu. Wavuvi nao wana hesabu yao hadi leo. Ndakala, wale ambao ng'ambo Kigoma huitwa dagaa, hufuata mwanga. Zamani wavuvi waliwasha mienge juu ya mitumbwi, siku hizi wanatumia taa. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa lote, taa haivuti kitu, kwa hiyo nyavu hupumzika, watu hurekebisha mitumbwi, hulipana madeni, hugombana na kupatana. Mwezi wa mvuvi una sehemu mbili zisizofanana kabisa, na sidhani kama kuna mvuvi wa Kalemie aliyewahi kuhitaji kalenda ya ukutani ili ajue yuko sehemu ipi.

Wageni walihitaji kalenda, na bado tarehe ziliwaponyoka. Hata tarehe ya mkutano maarufu kuliko yote wa ziwa hili haikubaliki na pande zote mbili. Mwandishi wa habari Stanley aliandika kuwa alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, na kwa daftari la Livingstone mkutano huo ulikuwa mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa njiani.

Aliyelithibitisha jambo hili bila homa ni Mfaransa Michel Siffre. Mwaka 1962 alishuka katika pango lenye barafu kwenye milima ya Alps, bila saa, bila jua, akiwa na simu ya kuwaambia wenzake wa juu tu anapoamka, anapokula na anapolala. Walipomwambia tarehe 14 Septemba kwamba muda umekwisha, yeye kwa hesabu yake alikuwa bado tarehe 20 Agosti. Siku 25 zilikuwa zimeyeyuka. Alipotakiwa kuhesabu sekunde 120, alitumia takriban dakika tano. Pangoni hapakuwa na tukio la kutenganisha jana na juzi, na siku zisizo na alama hujishikiza pamoja mpaka mbili zikawa moja.

Kutazama kwa makini nako kuna masharti yake, na ziwa lenyewe limetoa ushahidi. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, aliona miti mitatu, ambayo mwaka 1871 ilisimama sokoni, sasa imo ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda. Wenyeji walilijua hilo, kwa kuwa wao ndio waliohamisha vibanda vyao hatua kwa hatua. Lakini mtu aliyekosekana miaka mitano aliliona kwa pigo moja la jicho. Mabadiliko ya polepole hayamshtui aliyepo.

Na sababu ya maji kupanda ilikuwa papa hapa Kalemie, kwenye mto Lukuga. Mwaka 1874 mpelelezi Verney Lovett Cameron alifika na kutangaza kuwa Lukuga ndiyo njia ya maji kutoka ziwani. Miaka miwili baadaye Stanley akapita, akaukuta umezibwa na matope na mafunjo, akamkosoa. Edward Hore wa misheni ya London, aliyekaa ziwani karibu miaka kumi, alifika mwaka 1879 akauona unakwenda kwa kasi kuelekea Lualaba. Mwishoni mwa mwaka huohuo Joseph Thomson akaona vivyo hivyo. Kila mmoja aliandika ukweli wa siku zake chache. Mto wenyewe ulikuwa na hadithi ya miaka mingi: kuziba taratibu, ziwa kujaa, kizuizi kupasuka, ziwa kushuka. Hadithi hiyo haikutoshea katika ziara ya mtu yeyote. Katika miaka ya 2020 maji yamepanda tena hadi kuingia katika nyumba za ufukweni Kalemie, na wapo walioshangaa kana kwamba ziwa halijawahi kufanya hivyo.

Sasa tuwaweke watu wawili sambamba. Wa kwanza ni Luteni Émile Storms, Mbelgiji, aliyeanzisha kituo cha Mpala kwenye mdomo wa Lufuko mwaka 1883. Alikaa miaka miwili na kidogo. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, na fuvu la Lusinga likapelekwa Ubelgiji, ambako liliwekwa katika hifadhi ya makumbusho. Miaka hiyo miwili imeandikiwa vitabu, kikiwamo cha mwanaanthropolojia Allen Roberts cha mwaka 2013, kitabu kizuri kwa kweli, kinachomtazama Storms na Lusinga kila mmoja kwa macho ya mwenzake.

Wa pili ni Léopold Joubert, Mfaransa, askari wa zamani wa Papa, aliyekuja mwaka 1887 kuwalinda Mapadri Weupe na vijiji vyao dhidi ya wateka watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakae, mwanamke wa huko, wakazaa watoto. Alipigana, ndiyo, hasa miaka ya mwanzo, mpaka Kapteni Jacques alipofika na askari wa chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa na kujenga ngome aliyoiita Albertville, mwishoni mwa 1891. Vita vilipoisha hatimaye, Joubert akabaki. Akalima, akasuluhisha kesi, akafundisha, akazeeka. Alifariki mwaka 1927, miaka 40 baada ya kufika, huku Marungu kwenyewe.

Angalia wasifu wowote wa Joubert. Miaka michache ya kwanza imejaa baruti. Miaka zaidi ya 30 iliyofuata hupita kwa kurasa mbili tatu. Waandishi hawakudanganya. Walitumia kumbukumbu zilizokuwapo, na kumbukumbu hushika kinachoshtua. Mapadri Weupe walilazimishwa na kanuni ya shirika lao kuandika shajara ya kila kituo siku kwa siku, na hiyo iliwaokoa kwa kiasi fulani: mvua, mgonjwa, ubatizo, chui aliyekula mbuzi. Kengele iligawa siku, shajara ikaziweka. Stefano Kaoze, Mtabwa aliyepata upadri Baudouinville mwaka 1917 na kuwa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu, alikulia katika siku za namna hiyo, zenye saa ya kusali, saa ya Kilatini na saa ya jembe. Hatuwezi kumwelewa Kaoze kwa kutazama siku ya kupewa upadri peke yake. Ile miaka ya kukaa darasani ndiyo iliyomtengeneza.

Tufike kwenye dakika kumi na moja.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walilitawala ziwa kwa meli zao, na Wabelgiji wa Lukuga, kama kambi ya Kalemie ilivyoitwa wakati ule, walikuwa wakipigwa mizinga kutoka majini. Mwindaji mmoja, John Lee, aliishauri wizara ya jeshi la majini London kuleta mashua ndogo za kasi. Juni 1915 mashua mbili za urefu wa kama mita 12, Mimi na Toutou, zilipakiwa melini chini ya Geoffrey Spicer-Simson, ofisa mwenye majivuno makubwa na sifa ndogo. Zilifika Cape Town Julai, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zikavutwa kwa mitambo ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu zaidi ya kilomita 200 kupitia milima ya Mitumba, kwenye njia iliyokatwa msituni na madaraja zaidi ya 100 yaliyojengwa kwa magogo. Kisha treni fupi hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, na mwishowe reli mpya ya kilomita 273 kutoka Kabalo hadi ziwani, iliyokuwa imefika mapema mwaka huohuo. Zilikuwa Lukuga mwishoni mwa Oktoba.

Halafu wakangoja. Hapakuwa na bandari, ilibidi ijengwe. Takriban majuma nane ya mawe, mvua na kuangalia upeo wa maji. Waholoholo wa eneo hilo walipata burudani yao: Spicer-Simson alivaa sketi, mwili wake ulijaa chale za picha, na alipenda kuoga hadharani. Inasimuliwa kuwa walimpa jina la utani kwa ajili ya kile alichofunga kiunoni, wakafinyanga na sanamu zake za udongo.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 26 Desemba 1915, meli ya Kijerumani Kingani ilionekana. Mimi na Toutou zikatoka. Pambano lilichukua takriban dakika 11. Kamanda wa Kingani aliuawa pamoja na wenzake kadhaa, meli ikatekwa, ikatengenezwa na kupewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ikabaki ile kubwa, Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Ilipojitokeza, Spicer-Simson hakutoka kuikabili. Miezi ikapita. Ndege za majini za Wabelgiji zikaanza kuishambulia Kigoma mwezi Juni, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha Götzen kwa makusudi walipokuwa wakirudi nyuma. Baadaye Waingereza waliiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Dakika hizo 11 zimezaa vitabu vingi, kikiwamo cha Giles Foden cha mwaka 2004, na riwaya ya C. S. Forester ambayo Hollywood iliigeuza filamu maarufu. Sioni ajabu. Mwaka 2007 timu ya mwanasayansi David Eagleman ilichapisha jaribio la kuwadondosha watu kutoka mnara wa mita 31, wakaangukia wavu. Kila mmoja alikadiria muda wa anguko lake, akakadiria na wa mwenzake. La kwake aliliona refu zaidi kwa wastani wa asilimia 36. Lakini walipokuwa hewani, wakitazama kifaa mkononi chenye tarakimu zinazopepesa haraka mno, hawakuweza kuzisoma vizuri kuliko walipokuwa chini. Maana yake, hofu haikuwapa jicho la kasi zaidi. Urefu ulizaliwa baadaye, kwenye kumbukumbu iliyowekwa nzito nzito. Hivyo ndivyo zilivyorefuka dakika za Kingani. Walioshuhudia walikuwa na kumbukumbu nzito, na wasomaji wa London walitaka kuzisikia.

Nani ana kumbukumbu nzito ya zile kilomita 273 za reli? Vibarua waliolaza mataruma bonde la Lukuga walirudia kitendo kilekile kila siku. Watafiti wamelionyesha hili kwa njia rahisi: ukimwonyesha mtu picha ileile mara kadhaa, kisha ghafla nyingine, ile ngeni huonekana imekaa muda mrefu zaidi, hata kama zote zimekaa sawasawa. Kilichozoeleka akili hukipunguza. Na kazi ya kikoloni ilipangwa ili kila siku ifanane na nyingine. Ng'ambo, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kibarua alikuwa na kipande cha siku 30. Hizo zilikuwa siku 30 za kazi zilizotiwa alama, na siku ambayo hukufanya kazi haikuhesabiwa. Mwezi wa tajiri ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni, na mfanyakazi aliuona urefu huo kuanzia alama ya kwanza hadi ya mwisho. Upande huu kulikuwa na makaa ya mawe ya bonde la Lukuga, bandari, karakana za reli, na kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilichosokota na kufuma pamba. Mwaka 1956 reli iliunganishwa kutoka Kabalo hadi Kamina, na Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati huo, ikawa sehemu ya mtandao mmoja na Katanga ya kusini. Vizazi viwili vya watu wa mji huu viliamka, vikafunga kazi, vikalipwa, vikazika, vikaozesha mabinti. Mji ulijengwa na siku hizo. Katika vitabu vya historia zina aya moja, mara nyingi yenye tani na kilomita.

Kisha ukaja mwaka ambao kila mzee wa Kalemie anautenga na mingine. Tarehe 19 Juni 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliushika mji. Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat na rais wa jimbo la Katanga Kaskazini, aliuawa siku hiyohiyo. Jeshi la serikali lilirudi 30 Agosti. Ni siku 72. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule, leo ni mzee, na siku hizo 72 zinajaza utoto wake kuliko miaka yote ya shule.

Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia 24 Aprili 1965, mashua kutoka Kigoma iliwashusha Wacuba 14 huko Kibamba, ufuko wa Fizi, kaskazini ya Kalemie. Walijipa majina ya hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo Mbili, na yule wa Tatu, aliyejitambulisha kuwa daktari, alikuwa Ernesto Che Guevara. Alikuwa na haraka. Alichopata ni kungoja. Alingoja ruhusa ya kupanda milimani, akangoja silaha, akangoja Laurent-Désiré Kabila aliyekuwa akiahidi kuja kesho, keshokutwa, juma lijalo. Kabila alifika Julai, akakaa siku chache, akaondoka. Che alisoma vitabu, akatibu wagonjwa, akaugua homa, akajifunza Kiswahili. Mwisho wa Juni Wacuba na Wanyarwanda walishambulia Bendera, kwenye bwawa la umeme linaloipa nguvu Kalemie, wakashindwa vibaya, na Wacuba wanne wakafa. Novemba aliondoka. Simulizi yake mwenyewe inaanza kwa kukiri kuwa ni historia ya kushindwa, na ukiisoma utaona kinachomuuma zaidi ya risasi ni siku zisizo na kazi. Wale waliokusanya kumbukumbu za Wacuba hao baadaye waliuita ule mwaka wa kutokuwa popote. Naomba radhi kwao, lakini walikuwa mahali: walikuwa Fizi, kwa watu waliokuwa wakilima mihogo na kuvua mikebuka, na ambao mwaka ule haukuwa mtupu kwao hata kidogo.

Mwalimu wa Kiswahili wa Che alikuwa kijana Mkongo wa miaka 16, Freddy Ilanga. Alikaa naye takriban miezi saba, kisha akapelekwa Cuba, akasomea udaktari, akawa bingwa wa upasuaji wa watoto. Aliishi huko takriban miaka 40, hadi kifo chake mwaka 2005. Waandishi wa habari walipomfuata, waliuliza juu ya miezi saba. Watoto aliowapasua na kuwaponya kwa miongo mitatu hawakupata maswali mengi.

Baada ya hapo Kalemie imepewa vita vingine vya kukumbuka, vikiwamo vile vya Agosti 1998 waasi wa kundi la RCD walipoingia mjini, na tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wake yenyewe. Matukio haya yataandikwa. Yana mashahidi wenye kumbukumbu nzito na mashirika yenye kamera. Kinachopotea ni kile ambacho kwa wakati wake hakikumshtua mtu. Wastaafu wa reli na wa Filtisaf bado wapo Kalemie, lakini wanapungua kila mwaka. Kama mmoja wao ni babu au bibi yako, usianze kwa kumuuliza alikuwa wapi waasi walipoingia, maana hilo ameshalisimulia mara mia. Muulize aliamka saa ngapi siku ya kazi, alipita njia gani, nani alisimama kwenye mashine ya jirani, posho ilitoka lini na ilinunua nini, waliimba nini wakati wa kubeba. Atasema hakuna cha kusimulia, siku zote zilikuwa sawa. Kaa naye hata hivyo, umwombe siku moja tu kuanzia asubuhi, na uiandike kwa Kiswahili anachokisema.